Boretronix: Kanda za Osaka Zenye Hupati Dukani

Kama unapenda ngoma kali na bado hujamskia Yamantaka Eye, kaa hapa kiasi. Huyu ni mwanamuziki wa skini ya Osaka, Ujapani. 1985, kabla bendi yake Boredoms ianze, alikuwa na mbogi ingine inaitwa Hanatarash. Kuna shoo walipiga Tokyo, mafans wakasainishwa makaratasi kwanza, ati wakiumia ni shauri yao. Halafu Eye akaingia na tingatinga, akapasua ukuta wa ukumbi. Manze, hiyo ilikuwa noma! Lakini hiyo tingatinga imemeza stori yote ya Eye, na mi huona stori tamu zaidi iko kwa kanda.

Boredoms ilianza 1986. Eye kwa sauti, na baadaye Seiichi Yamamoto akaingia kwa gita, Yoshimi P-We akakalia dramu. Miaka ya themanini ikiishia, wakaanza kutoa kanda zao wenyewe: Boretronix 1, ikafuata ya 2, ikafuata ya 3. Hakuna mdosi wa lebo wa kuwauliza hiti iko wapi. Hakuna mtu wa kuwashow hii kelele ni mob, punguzeni.

Na cheki vile kanda hufanya. Ukisukuma sauti hadi mshale wa mita ulale kwa nyekundu, utepe haukatai. Unaikamua hiyo sauti, inakuwa nene, inaanza kuunguruma. Msee wa studio kubwa angezima mashine hapo hapo. Watu wa noizi ndio kwanza wanaamka! Kelele ya gita ikikamuliwa hivyo inapata mwili, unaiskia hadi kwa mbavu. Tena kanda unairekodi juu ya ingine, unakata katikati ya neno, unabandika kitu haihusiani kabisa. Skiza albamu yao Soul Discharge ya 1989 utaona: ngoma inakimbia, inakatika ghafla, mtu anabweka, ingine inaingia bila hodi. Hiyo akili ya kukata na kubandika ni akili ya kanda.

Halafu kuna kudabu. Kanda ya dakika 60, kwa spidi ya kawaida, inakula saa nzima kutoa kopi moja. Ukidai kopi ishirini na deki ni moja, umekesha. Wasee wakitoa kanda zao wenyewe hivyo, lazima ziwe chache, na hakuna mtu amekaa chini akapanga ziwe adimu ndio bei ipande. Siku hizi mwenye ako na Boretronix ya kwanza ameikalia, haiachilii, na mi namwelewa kabisa. Chenye hainibambi ni mtu kununua kanda kama hiyo aiweke kwa kioo bila kuicheza. Ilitengenezwa ichezwe, jo!

Wadosi wa lebo walikuja kuchanuka. 1992 albamu yao Pop Tatari ikatoka chini ya Warner, na nashindwanga vile kampuni kubwa hivyo ilikubali hiyo maneno. 1993 Boredoms wakafungulia Nirvana shoo huko Marekani. 1999 Eye akachorea msanii Beck kava ya albamu Midnite Vultures. 7/7/2007 wakakusanya wapiga dramu 77 Brooklyn, wakadunda pamoja. Wasee wengi huanzia hapo kwa dramu 77, na ni freshi, lakini utakuwa umeruka miaka yenye hawa watu walikuwa wanajaribu kila kitu bila kuogopa.

Sisi huku tuko na njia yetu ya kuingia kwa hii noizi. Duma, wasee wawili wa Nairobi, walitoa albamu yao 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka uliofuata Scotch Rolex, produsa Mjapani, akatoa Tewari, kazi alipikia Kampala, na Lord Spikeheart wa Duma anapiga mayowe ndani. Anza na hizo mbili, volume juu. Zikikubamba, ingia Soul Discharge, ndio usake Boretronix.