Usingoje Tarehe 30 Juni

Nafanya kazi ya saiba hapa Kitale. Dada yangu ana saiba yake Bungoma. Kila Juni tunashuhudia mambo yale yale. Wiki ya mwisho watu hufurika kuwasilisha ritani za kodi, intaneti inalemewa, na kiduara kinazunguka tu kwenye skrini huku mama aliyeacha kibanda cha mboga akikikodolea macho. Nenosiri amelisahau. Barua pepe ya kulibadilishia alifunguliwa na kijana fulani wa saiba nyingine, miaka iliyopita, na hili ndilo huniuma zaidi: ufunguo wake anao mtu mwingine. Anayechelewa kuwasilisha hadi tarehe 30 Juni ikapita hupigwa faini isiyopungua shilingi 2,000, hata kama hakupata kipato. Ndugu zangu, njooni Machi, na nenosiri liandikeni kwenye daftari lenu wenyewe.