Mafuta ya Dakika Tano za Kwanza

Gari langu liko baharini. Ni Toyota Aqua la haibridi, lililosajiliwa Japani miaka sita iliyopita, kwa hiyo limo ndani ya ile miaka minane ambayo sheria yetu inaruhusu. Meli iling'oa nanga Yokohama wiki tatu zilizopita. Likishuka Mombasa kuna forodha, ushuru na nambari za usajili, kisha kupandishwa hadi Nairobi.

Katika kungoja huku, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkwe wangu, kila mtu ananiuliza swali moja: litaenda kilomita ngapi kwa lita? Wengi huuliza wakiwa na jibu lao tayari. Wamesikia 30, wengine 35. Aqua ilipozinduliwa Desemba 2011, Toyota ilitangaza kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08, na tangu hapo nambari hiyo inazunguka Nairobi kana kwamba ni ahadi aliyopewa kila mnunuzi.

Mimi kazi yangu ni injini, na jibu langu ni kwamba inategemea safari zako zina urefu gani. Naishi Lavington. Mtoto anasoma Kileleshwa, sokoni ni Kangemi, benki iko Westlands, na mara mbili kwa wiki nashuka mjini. Safari yangu ndefu kabisa ni kama kilomita 8. Sasa, adui wa gari la haibridi ni safari fupi, wala si msongamano, na watu wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Kwenye msongamano wa Waiyaki Way jioni, gari la kawaida linaunguza petroli huku limesimama. La haibridi huzima injini, likasogea polepole kwa mota ya umeme, na kila ukikanyaga breki, mota ileile hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Hapo faida ni ya kweli na utaiona mfukoni. Lakini sharti lake ni moja: injini iwe imeshapata moto.

Julai iliyopita shemeji yangu aliniachia Aqua lake siku chache. Asubuhi moja ya baridi ile ya Nairobi inayoingia mifupani, nilibonyeza kitufe pale nyumbani. Kimya. Baada ya sekunde chache injini ikaamka yenyewe, gari likiwa limesimama na betri ina umeme wa kutosha. Wenye magari haya huleta lalamiko hilo kwa mafundi wakidhani ni ubovu. Si ubovu. Kwenye bomba la moshi kuna kifaa cha kusafisha gesi chafu, na hakifanyi kazi mpaka kifikie joto la mamia ya nyuzi. Kompyuta ya gari huchelewesha cheche makusudi ili moto mwingi utokee kwenye bomba badala ya kusukuma pistoni. Kwa takriban dakika moja petroli yako ni kuni. Ni kama jiko la makaa: kuna makaa yanayoteketea kabla sufuria haijapata moto, na ukipika chai ya kikombe kimoja, hayo ndiyo makaa mengi.

Nikatoka kupitia Gitanga Road. Pale Valley Arcade nikasimama, injini ikaendelea kunguruma, kwa sababu hailali gari likisimama mpaka maji ya kupoza yafike nyuzi 70 hivi. Mara ya kwanza iliponyamaza nilikuwa nakaribia Yaya Centre, kilomita zisizotimia 4 kutoka nyumbani. Nikaegesha. Nilipomaliza shughuli zangu saa mbili baadaye, joto lote nililolinunua lilikuwa limepotelea hewani, na kazi ikaanza upya.

Ile JC08 haikulificha jambo hili, ila ililipa uzito mdogo: matokeo yake ni robo moja injini baridi na robo tatu injini iliyokwisha kupata moto. Kipimo kipya, WLTC, ambacho Japani ilianza kukitumia kwa magari mapya miaka ya 2017 na 2018, huanza na injini baridi, na matokeo yake huchapishwa pia kwa mafungu matatu: mjini, pembezoni na barabara kuu. Fungu la mjini ndilo la kwanza kuendeshwa, na urefu wake ni kilomita 3 na ushei. Hiyo ni karibu sawa na safari yangu ya Yaya! Anayenunua gari la kuzungukia Kilimani na Westlands aitafute nambari hiyo ya mjini, aachane na ile kubwa ya tangazo.

Maabara, hata hivyo, haina mlima. Ukitoka mjini kuelekea magharibi unapanda: katikati ya jiji ni kama mita 1,700 juu ya bahari, Kikuyu inakaribia 2,000. Gari la kilo 1,100 likishuka mita 100, nishati inayoachiliwa ni kama theluthi ya kilowati-saa, na betri ya Aqua ile ya kwanza nzima haifiki kilowati-saa moja. Anayeshuka asubuhi kutoka Uthiru atafika mjini betri ikiwa imeshiba na dashibodi ikimwonyesha nambari ya kupendeza. Jioni anailipa akipanda. Kwa hiyo nambari ya asubuhi peke yake haina maana; pima kwenda na kurudi.

Linalowezekana ni kuunganisha safari. Nikiwa na shughuli tatu, nitaanza na ile ya mbali, ili zile za karibu nizifanye injini ikiwa bado moto. Na kwenye baridi ya Julai nitavaa sweta, maana hita huchota joto la maji ya injini, na kompyuta huiwasha injini ili kulirudisha hata pale ambapo ingelala.

Wiki hizi nazitumia kulipima gari langu la zamani. Najaza tangi kituo kilekile, pampu ileile, mpaka inapojikata mara ya kwanza, sizidishi tone. Naandika kilomita na lita kwenye daftari la shule. Sijazi nusunusu kwa kusubiri bei mpya ya petroli ya EPRA, mamlaka ya nishati, ya kila tarehe 14, kwa sababu hesabu ya nusu tangi hudanganya. Juzi ilikuwa kilomita 286 kwa lita 26: kilomita 11 kwa lita, safari zilezile za Kileleshwa, Kangemi na Westlands. Ukurasa wa kulia nimeuacha mtupu. Juu yake nimeandika nambari ya chesisi ya lile lililo baharini.