Michi Miwili, Kinu Kimoja

Njooni, wapwa zangu, sogeeni mkekani. Tangu mtoke banda la video, Masaki nzima inawasikia. Wa Hunt huku, wa Lauda kule! Haya, ulizeni. Kuuliza si ujinga.

Filamu mliyoitazama inaitwa Rush. Ron Howard wa Marekani aliiongoza, ikatoka mwaka 2013. Lakini ushindani wenyewe ni wa kweli, wa mbio za Formula 1 za mwaka 1976. James Hunt wa Uingereza aliendesha McLaren. Niki Lauda wa Austria aliendesha Ferrari. Hunt mtu wa raha, Lauda mtu wa hesabu.

“Mjomba, mbona moyo ulinidunda, na mimi nimekaa tu?”

Swali zuri hilo! Macho yaliona kona. Masikio yakasikia injini ikinguruma. Ubongo ukapiga mbiu: hatari! Mwili ukamwaga adrenalini kwenye damu, moyo ukaenda mbio ili miguu ipate nguvu ya kukimbia. Mwili haungoji kuambiwa kwamba hii ni filamu. Ndiyo maana gari likikata kushoto, benchi zima mliegemea kushoto.

“Mjomba, mbona wakubwa walinyamaza Lauda alipovaa helmeti?”

Umeona vizuri, mwanangu. Agosti 1, 1976, kule Nürburgring, Ujerumani, gari la Lauda liliwaka moto naye yumo ndani. Aliungua kichwa na uso, akavuta moshi wa sumu. Wiki sita tu baadaye alirudi kushindana Monza, Italia, vidonda vingali vibichi. Akawa wa nne! Mtu mzima anajua helmeti juu ya kidonda inauma namna gani.

“Kumbe Hunt alikuwa adui yake?”

Hapana. Nje ya mbio walikuwa marafiki. Mmewaona mama na shangazi wakitwanga kisamvu kwa kupokezana? Kinu kimoja, michi miwili. Mchi wa kwanza husema, “Nikishuka, wewe panda.” Wa pili hujibu, “Nikishuka mimi, panda wewe.” Mmoja akiongeza mwendo, mwenzake naye huongeza. Mama akibaki peke yake, mwendo hupoa. Lakini michi ikigombania kushuka pamoja, hugongana na kisamvu humwagika. Hunt na Lauda walikuwa michi hiyo. Kila mmoja alimwongezea mwenzake mwendo.

“Lakini Mjomba, mbio za mwisho Lauda aliziacha. Si mwoga huyo?”

Wa Hunt mlizomea hapo, nilisikia! Sikilizeni. Ilikuwa Oktoba 24, Fuji, Japani. Mvua kubwa, njia haionekani. Lauda aliizunguka njia mara mbili, akaegesha gari. Hunt akaendelea, akamaliza wa tatu, akatwaa ubingwa kwa pointi 69 dhidi ya 68. Pointi moja! Je, aliyerudi na vidonda vibichi ataitwa mwoga? Alipima, akaona uhai una thamani kuliko kombe. Mwaka 1977 akawa bingwa tena. Na filamu ilipotoka, mwenyewe aliitazama, akaisifu.

“Na kwetu, Mjomba, yamewahi kutokea?”

Ahaa, nilikuwa nalingoja hilo! Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden, wote wakiwa na Datsun, walilingana pointi. Ushindi akapewa Mehta, kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

“Basi kati ya Hunt na Lauda, mshindi nani?”

Matokeo yanasema Hunt. Wa Hunt, shangilieni, ni haki yenu. Ila mkimsifu, tajeni na mpinzani wake. Nanyi wa Lauda, msinune. Kama si Lauda, ile pointi moja nani angeisimulia mpaka leo?