Mmisionari kijana hufunzwa lugha na nani?

Wapo vijana wa miaka 18 au 19 wanaoingia darasani bila kujua hata kusalimia kwa Kireno, na baada ya wiki 6 wanatumwa Brazil, Ureno, Angola au Msumbiji kuhubiri kwa lugha hiyohiyo. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi tumezoea kuwaita Wamormoni. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huwapa maofisa wake kati ya wiki 24 na 30 kujifunza Kireno. Ndiyo maana baadhi ya watu wakisikia habari za wiki 6 husema ni muujiza, na wengine husema ni uongo mtupu. Mimi ni mwalimu wa lugha, na sioni muujiza wala uongo. Jambo hili lina maelezo, na sehemu kubwa ya maelezo hayo iko hapa Moba nchini Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, kati ya Mpala na Kirungu, ambako vijana wa kanisa jingine walipita njia inayofanana nayo zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Vijana hao walikuwa Mapadre Weupe. Shirika lao lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, mtu aliyekuwa na msimamo mkali kuhusu lugha. Tangu unovisi, yaani kipindi cha kwanza cha malezi, vijana wake walivaa kanzu kama Waarabu wa Algeria na kujifunza Kiarabu. Msafara wa kwanza kuja nchi za maziwa makuu, watu 10, uliondoka Marseille mwaka 1878, ukapita Zanzibar, na wale waliopangiwa Tanganyika wakafika Ujiji Januari 1879, baada ya kumzika mwenzao njiani. Agizo la Lavigerie lilikuwa kwamba ikishapita miezi michache ya mwanzo, mapadre waache Kifaransa hata wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe, waseme lugha ya wenyeji. Agizo jingine lilikuwa kwamba wasikae kituoni chini ya watu watatu. Kwa mwalimu wa lugha, maagizo hayo mawili yanakwenda pamoja: kila aliyelegea na kurudia Kifaransa alikuwa na wenzake wawili wa kumkumbusha.

Mwaka 1885 walikabidhiwa Mpala, kituo alichokijenga afisa Mbelgiji Emile Storms mwaka 1883 kwenye mlango wa mto Lufuko. Mwaka 1893 walifungua Kirungu, uwandani juu ya ziwa, wakapaita Baudouinville. Hapo ndipo swali la lugha lilipokuwa gumu. Wenyeji walisema Kitabwa. Lakini ndani ya misheni walikusanyika watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, kila mmoja na lugha ya kwao, na kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili kilichofika na misafara kutoka Ujiji na pwani. Kiswahili kikawa lugha ya katekisimu na shule. Kitabwa kikabaki nyumbani na shambani, na padre aliyetaka kuelewa kesi ya ndoa au maneno ya msibani ilimbidi akijifunze pia.

Nani aliwafundisha? Vitabu vilikuwa vichache. Padre Delaunay, mmoja wa wale 10 wa msafara wa kwanza, ndiye aliyeandika sarufi ya Kiswahili kwa ajili ya wenzake. Zaidi ya hapo, walimu walikuwa watoto wa misheni, wapagazi, wapishi, mafundi, wake kwa waume waliosahihisha matamshi ya mgeni bila kulipwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1907 ilichapishwa Brussels kamusi ya Kitabwa na Kifaransa ya Padre Auguste van Acker, kazi kubwa inayostahili heshima hadi leo. Jaladani liko jina moja. Lakini hakuna mgeni anayejitungia maneno ya lugha ya watu: kila neno la kamusi ile lilitoka kinywani mwa Mtabwa fulani aliyekaa naye, akarudia, akaeleza, akarudia tena. Kwangu, hao ndio walimu wa kwanza wa chuo cha lugha cha Moba, nao wanastahili kutajwa kila kamusi hiyo inapotajwa.

Sasa twende Provo, katika jimbo la Utah, Marekani. Wamormoni walianza kufundisha lugha huko mwaka 1961, wakiwa na vijana waliokuwa wakisubiri viza za kwenda Mexico na Argentina. Wakaanza na Kihispania, kisha Kireno na nyingine zikafuata. Leo kijana huamka saa 12 na nusu asubuhi na kulala saa 4 na nusu usiku. Ana mwenzi wake ambaye hawaachani: wanasoma pamoja, wanasali pamoja, wanafundisha pamoja. Tangu siku ya kwanza anatakiwa kusali kwa lugha mpya, hata kama ni sentensi mbili za kubabaisha. Siku chache baadaye anaingia chumbani kumfundisha mtu asiyejua dini yake. Mara nyingi mtu huyo ni mwalimu wake mwenyewe anayeigiza, naye alikuwa mmisionari miaka michache tu iliyopita. Tangu mwaka 2020 sehemu ya mafunzo hufanyika kwa intaneti kijana akiwa bado kwao, lakini mpango haujabadilika: sema kabla hujawa tayari.

Hapa ndipo siri ilipo. Madarasa mengi humpa mwanafunzi kanuni, yakamwambia asubiri hadi azijue ndipo afungue kinywa. Mafunzo haya yanampa haja ya kusema leo, halafu kanuni inakuja kujibu haja hiyo. Akili hushika zaidi neno ililolitafuta kwa shida kuliko neno ililopewa bure.

Lakini tusizidishe sifa. Wiki 6 zinatosha kwa sababu mada ni chache: Mungu, familia, sala, ubatizo, toba. Kijana anayetoka Provo anaweza kutoa ushuhuda wa dakika kumi kwa Kireno safi, kisha akashindwa kununua nyanya au kumweleza daktari mahali panapomuuma. Isitoshe, kusema ni rahisi kuliko kusikia. Hotuba yake ameizoea. Jibu la mama wa Luanda anayezungumza kwa kasi hajawahi kulisikia. Mwanadiplomasia hupewa wiki 24 hadi 30 kwa sababu lazima asome gazeti na kujadili mkataba. Shule yenyewe ya mmisionari ni miezi 24 kwa wavulana, na 18 kwa wasichana, mitaani na majumbani mwa watu. Anarudi kwao anaijua lugha kwelikweli, na waliomfundisha ni majirani wa huko, kama ilivyokuwa Mpala.

Iko njia nyingine, ya polepole, nayo pia tunayo mfano wake hapa. Stefano Kaoze, mtoto wa Watabwa, alisoma Kilatini na Kifaransa kwa miaka mingi katika seminari iliyoanzia Mpala na baadaye ikawa Lusaka, si mbali na Kirungu. Akiwa bado mseminari aliandika kwa Kifaransa juu ya fikra na tabia za Wabantu, maandishi yaliyotoka 1910 na 1911. Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadre Baudouinville, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu kufikia daraja hilo. Wiki 6 za mazoezi haziwezi kumtoa mtu wa namna hiyo. Anayetaka kuandika falsafa kwa lugha ya kigeni lazima akae na vitabu miaka, na anayetaka kugonga mlango wa mtu na kueleweka anahitaji watu wa kuzungumza nao. Kosa ni kumhukumu mmoja kwa kipimo cha mwingine.

Wamormoni walitambuliwa rasmi nchini mwetu mwaka 1986, wakati ikiitwa Zaire. Mwaka uliofuata walifungua misheni Kinshasa, na mwaka 2010 Lubumbashi. Kwa hiyo kijana wa Kongo kuitwa Angola au Msumbiji na kulazimika kujua Kireno si jambo la ajabu tena, awe mmisionari wao, mtawa wa Kikatoliki au mfanyabiashara. Huyo hatoki mikono mitupu. Kifaransa cha shule kinampa maelfu ya maneno yenye asili moja ya Kilatini, na pia sauti za puani ambazo Mwingereza huhangaika nazo. Kiswahili kinampa mazoea ya kusema kitenzi bila kutaja nafsi kwa neno la peke yake, kwa sababu nafsi imo ndani ya kitenzi. Katika Kireno nayo imo humohumo, ila mwishoni. Mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, aliouzoea katika Kiswahili, atauona mara nyingi. Patakapomsumbua ni vitenzi viwili vya kuwa, kimoja cha hali ya kudumu na kingine cha hali ya kupita, na jinsia ya majina ambayo wakati mwingine haifanani na ile ya Kifaransa. Hayo hayaishi kwa kukariri. Yanaisha kwa kusahihishwa na mwenye lugha.

Basi kijana wa Moba au Kalemie unayengoja barua ya kuitwa, usingoje darasa. Mtafute leo mtu yeyote aliyeishi Angola, umwombe nusu saa kila siku, useme naye na akusahihishe bila huruma. Na ukishafika huko, andika daftarini majina ya wanaokufundisha.