Kamyo za nasela: barua ya kiwanda haivuki mupaka

Ku Goma, Bukavu ao Bunia, wakaaji wanaijua kamyo ya nasela: ile yenye mkono murefu na kikapu juu, ambamo fundi anasimama ili atengeneze waya za umeme kwenye poto. Inayonunuliwa ya okazyo ku Ulaya, Japani ao Marekani inashuka Mombasa ao Dar es Salaam, kisha inafika huku na rangi mpya. Lakini kuna kitu kimoja hakisafiri nayo: barua ya kiwanda.

Barua hiyo ni ya nini?

Tuchukue mfano wa Marekani. Kufuatana na sheria ya 1966, kiwanda kikivumbua kasoro inayohatarisha maisha, kinapaswa kujulisha serikali na kuandikia wenye magari. Kinatengeneza kasoro hiyo bure, mradi gari halijapita miaka 15. Kwa Kifaransa wanaita rapeli. Kwa nasela, inaweza kuwa ufa mahali mkono umeunganishwa na kamyo, bulo zinazoshika kikapu, ao bomba la mafuta linalopandisha mkono. Kasoro ndogo chini, lakini fundi yuko juu, karibu na kuran.

Shida ni hii: barua inaenda kwa mwenye gari aliyeandikwa ku Marekani. Kama yeye aliisha kuuza kamyo na ikavuka bahari, anayeinunua huku hapati habari. Kamyo inaendelea na kazi, na fundi anapanda bila kujua.

Plake mbili, si moja

Mara nyingi aliyetengeneza kamyo si yeye aliyetengeneza mkono. Ndiyo maana mnunuzi anapaswa kutafuta namba mbili. Ya kwanza ni ya shasi. Kwa magari ya soko la Marekani tangu 1981, ina alama 17. Unaweza kuiingiza bure ku intaneti, kwenye ukurasa wa NHTSA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama wa magari. Ya pili iko kwenye plake ya mkono wenyewe. Hiyo inatumwa kwa kiwanda cha mkono, na kuuliza: je, kuna rapeli ambayo haijafanyiwa kazi?

Jibu tupu ku intaneti halimaanishi kwamba kamyo ni nzima, kwa sababu rapeli za zamani sana zinaweza kukosa kuonekana. Na kama plake imeng'olewa ao imepakwa rangi, heri kuacha biashara hiyo.

Hata nasela nzima ina mipaka

Sehemu ya mkono wa nasela za kazi ya umeme inatengenezwa na nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi kuran kwenda chini. Lakini vumbi, maji na mafuta vinapunguza kinga hiyo, kwa hiyo mkono unapaswa kusafishwa na kupimwa mara kwa mara kwa mashine maalumu. Tena, kinga hiyo haimsaidii fundi anayegusa waya mbili pamoja. Kwa asiye fundi wa umeme, kanuni za Marekani zinaomba mashine ibaki mita 3 hivi mbali na waya za hadi volti 50 000.

Na wapita njia?

Mkono ukigusa waya, kamyo nzima na udongo unaoizunguka vinaweza kuwa na kuran. Usikaribie, usiguse, hata kama mutu anaomba musaada. Ita kwanza wenye umeme wakate kuran. Shofere abaki ndani. Kama moto umewaka, aruke miguu ikiwa pamoja, asiguse kamyo na udongo kwa wakati mmoja, kisha aende mbali kwa kukokota miguu bila kuinyanyua.

Kwa kampuni ao kopa inayotaka kununua nasela, kuuliza namba mbili ni kazi ya siku chache. Ifanyike mbele ya kulipa, na mbele ya fundi kupanda.