Mto Pangani na Maji ya Korona

Ndugu wafanyakazi, kila mmoja wetu anaijua harufu ya kiwanda chake. Sisi wa miwa tunaijua molasi. Wenzetu wa mkonge, jirani zetu wa Tanzania, wanayajua maji ya korona.

Jani la mkonge likishapita kwenye korona, kila kilo 100 hutoa singa kilo 4 hivi, pengine pungufu. Zote zilizobaki ni makapi na utomvu, nayo husukumwa nje kwa maji mengi sana. Kwa miaka mingi maji hayo yaliachwa yashuke mtoni. Makapi yakioza humaliza hewa iliyomo majini, samaki wakafa. Utomvu wake huwasha ngozi. Meneja ana bomba lake nyumbani; anayeteka mtoni ni mke wa mkata mkonge na watoto wa kambini.

Sasa tazameni mto wenyewe. Pangani una urefu wa kilomita 500 hivi. Maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hupita Korogwe na Hale hadi Bahari ya Hindi. Kipande cha bonde lake kiko Kenya. Humo mna miji ya Arusha na Moshi, kahawa, miwa, mpunga, mkonge, na mitambo ya umeme. Wakati wa kiangazi walio juu hufungulia mifereji yao, mto ukapungua, na uchafu ule ule wa korona ukazidi ukali kwa kukosa maji ya kuupunguza nguvu. Kwa hiyo ukimbana mwenye korona ukamwacha mwenye mfereji, umefanya nusu ya kazi. Huko mwisho, Pangani mjini, mto ukidhoofika maji ya chumvi hupanda kutoka baharini.

Watanzania waliliona jambo hili. Mwaka 1981 waliigawa nchi yao, upande wa bara, katika mabonde tisa ya maji, na mwaka 1991 bonde la Pangani likapata ofisi yake. Sheria ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji na kibali kingine cha kutiririsha maji machafu, na inaruhusu watumiaji kuunda jumuiya zao. Sheria ni nzuri. Utekelezaji, kama mjuavyo, una miguu mizito.

Waajiri hutuambia kwamba tukidai usafi kiwanda kitafungwa. Hofu hiyo si ya kuchekwa, maana mwenye kuchimba mabwawa ya kusafishia hutumia fedha ambazo jirani yake hatumii. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kupanga bonde zima pamoja: masharti yawe sawa kwa wote. Tena makapi yana faida. Huko Hale mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi, na gesi kuwa umeme.

Kwa hiyo katika mkutano ujao na mwajiri, kamati za matawi ziulize: kibali cha maji machafu kiko wapi? Bomba la kambi huchota juu ya mfereji wa kiwanda, au chini yake? Na katika jumuiya ya watumiaji maji, nani anakaa kwa niaba ya wafanyakazi? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, yatiwe sahihi na pande zote mbili.