Bao lisiloandikwa

Mwalimu wa michezo anayepanga kikosi cha magongo kwa kuhesabu mabao pekee, awe Kaptembwo au kwingineko, na ajiulize: Avtar Singh Sohal angepewa alama ngapi? Beki huyo aliichezea Kenya katika Olimpiki nne, 1960 hadi 1972. Mwaka 1964 kule Tokyo tulimaliza wa sita. Kombe la Dunia la 1971, Barcelona, tukawa wa nne! Kazi ya beki ni kuzuia, na bao lililozuiwa haliingii daftarini. Sipingi takwimu. Tuandike pia mipira iliyonyang'anywa, na mabao tuliyofungwa kila mwanafunzi akiwa uwanjani na akiwa benchi; ingawa hesabu hiyo nayo humwonea beki mwenye kipa mzembe.